Spika ya Kati

Zilikuwa tano na boksi la besi:
mbili za mbele, mbili za nyuma,
na hii ya kati, ndefu kama mkate wa boflo,
iliyolala chini ya runinga miaka sita
ikibeba maneno ya watu wote.

Sikujua kazi ile ni yake peke yake
hadi usiku ilipoharibika.
Mvua ya filamu ilinyesha vizuri tu,
milango ikabamizwa nyuma ya kisogo changu,
kisha mwanamke akafungua kinywa mbele ya mumewe
pakatoka khrrr,
kama mtu anayepaa samaki chumba cha pili.

Lali alitaka seti nyingine.
Picha anazo kwenye simu, bei anayo:
elfu kumi na sita,
na kutoka Mombasa hadi Mokowe ni juu yetu,
na boti ya kuvuka juu yetu pia.
Moja haiuzwi. Huja pamoja, kama vikombe vya harusi.
"Kipya kinyemi," akasema, akaishia hapo,
kidonda akakiacha nje ya mlango.

Nami nikaifunga ndani ya leso kuukuu
nikashuka nayo Langoni kwa fundi Shebwana,
ambaye hukifungua kitu kabla hajakusalimia.
Aliibonyeza koni kwa vidole viwili
kama apimaye embe asilokusudia kulinunua.
"Sumaku nzima. Koili haijaungua.
Ukingo ndio umeliwa."
Akanionyesha: mpira umegeuka unga mweusi,
unashika kidoleni kama wanja.
"Chumvi," akasema. "Hewa yetu haichagui chakula."
Elfu moja mia nane, dhamana miezi mitatu.
Nikauliza, na baada ya hapo?
Akapuliza unga mezani.
"Hii itakuwa nzima. Lakini zile nne
si zilizaliwa siku moja nayo?"

Hapo hesabu ikaniharibikia.
Usiku nilijumlisha nyuma ya daftari la Esha,
nikatoa, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.
Bura yangu sibadili na rehani, nilijiambia,
ila bura yenyewe inavuja pande zote.

Na kuna jambo sikumwambia Lali, wala fundi.

Tangu spika inyamaze, wiki ya saba hii,
mavyaa amehamishia mkeka wake sebuleni,
yeye aliyekuwa akiipita sebule yetu
kama watu wapitavyo ofisi ya kodi.
Huketi na ungo wake, huchambua mchele,
huwatia watu maneno.
Waziri anafoka: "Ni nani aliyemwaga mayi yangu?"
Bibi harusi analia:
"Nitarudi kwetu, lakini sufuria ni yangu."
Juzi majambazi wawili walielekezeana bastola,
mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti ya mavyaa,
"Weye! Hukuya kunitazama nilipokuwa mgonjwa."

Esha alicheka hadi akapaliwa.
Mimi sikucheka. Jambazi wa pili hakuwa na msemaji,
midomo yake ilikuwa ikienda bure,
basi nikamsemea.
Nikasema nilikosa. Nikasema niliona haya,
kila siku iliyopita ikazidi kuwa vigumu kubisha hodi.
Jambazi alikuwa amekwisha kufa, mimi bado nasema.
Mavyaa hakuitazama runinga.
Alinitazama mimi, ungo magotini.
"Haya," akasema. "Weka bunduki tini."

Spika imerudi jana. Nililipa elfu moja na mia sita,
ukingo mpya unang'aa kama ufizi wa mtoto.
Nimeirudisha mahali pake, nikaipangusa vumbi,
na waya wake nimeulaza nyuma ya meza,
kidole kimoja tu kutoka tundu lake.

Lali ameuliza, imepona?
Nimemwambia gundi haijakauka.
Siku ngapi?
Nikageuka nimtafute wa kunijibia.
Mavyaa akaokota chuya, akaitupa kando.
"Gundi ya siku hizi," akasema,
"haikauki upesi."